Mbao za Kabati Langu

Mume wangu ni seremala, na hakuna neno analolipenda duniani kama "bado". Mteja akiuliza kitanda chake kimefikia wapi, bado. Nikimwita chakula kinapoa, bado kidogo. Siku uchungu wa mtoto wetu wa kwanza uliponishika nikamwita kutoka chumbani, alinijibu hivyo hivyo kutoka karakana, halafu akili ikamrudia, nikasikia randa ikianguka sakafuni. Mtaa mzima unamwita Fundi Bado na yeye haoni ubaya. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika, maana ukishaolewa na Bado na wewe ni Mama Bado, upende usipende.

Bado yake kubwa ilikuwa ya mbao. Wenzake wakinunua mbao leo, keshokutwa zimekuwa meza. Yeye akishaletewa mbao kutoka kwa wapasuaji huzipanga kwenye banda lililo nyuma ya nyumba, moja juu ya nyingine, na kati ya kila ubao na mwenzake anaweka vijiti ili upepo upite. Juu anagandamiza kwa mawe. Kisha anachukua kalamu nene nyeusi na kuandika kwenye kichwa cha kila ubao mwezi na mwaka ulipoingia bandani. Ubao wake haukutani na msumeno mpaka mvua za miaka miwili zipite juu ya paa la banda lile. Hata hapo yeye bado hauamini. Ataugonga kwa vidole asikilize, ataunusa, mwisho ataulaza shavuni kuona kama una ubaridi. Nilishamwambia aache kuzilalia mbao mashavu mbele za watu, wataanza kuuliza mimi nimemnyima nini.

Haya aliyajifunza kwa maumivu. Kitanda cha kwanza alichotengeneza baada ya kumaliza kujifunza kazi alimpa mama yake, na kwa hamu ya kumfurahisha alitumia mbao zilizokuwa zingali zinanuka mti. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, lakini ubao ukiukata mbichi hujikunja wenyewe. Kitanda kilijinyonga, mguu mmoja ukabaki hewani. Mama mkwe wangu alikunja kitambaa akakiweka chini ya ule mguu, akalala hapo mpaka alipofariki, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kitanda alichotengenezewa na mwanawe. Mume wangu alikiona kile kitambaa siku alipokwenda kuhamisha vitu baada ya mazishi. Mpaka leo anacho, kiko kwenye kisanduku cha patasi. Hadithi hii niliijua tangu tulipooana, na pamoja na kuijua nikafanya nilichofanya.

Nami nina sehemu yangu pale karakana, nisije nikadhaniwa ni wa kuleta chai tu. Yeye anakata na kuunga, mimi napiga msasa na vanishi. Mkono wangu wa msasa unajulikana. Wako wateja wanaopitisha kiganja juu ya meza kabla hawajaitazama. Vitu vya dukani pia navinunua mimi: misumari, bawaba, vitasa, gundi. Gundi hasa, kwa sababu mume wangu anaipaka kana kwamba inatoka bombani.

Halafu kuna habari ya kabati. Wiki ile tuliyooana alinionyesha mbao nane za mvule, pana, hazina hata jicho moja la tawi. Alizipandisha juu ya boriti za karakana, chini ya mabati, akaniambia, "Hizi ni za kabati lako." Nilikuwa bi harusi, nikaona nimepata mume. Mwanzoni mbao zilikuwa bado. Zilipokauka kukawa na kazi za watu, na za watu kwanza. Wakaja watoto, wakakua, wakaondoka kwenda shule za bweni, na miaka kumi na tisa nguo zangu zikawa zinakaa kwenye masanduku mawili chini ya kitanda, za kutokea zikining'inia kwenye misumari. Wageni wananiambia kinyozi hajinyoi, wanacheka, nami nacheka. Lakini ziko asubuhi nilizopiga magoti kutafuta blauzi uvunguni nisione cha kuchekesha.

Basi, ng'ambo ya barabara, palipokuwa na ghala tupu, likafunguliwa duka la fanicha. Kioo mbele, taa zinawaka mchana, na bango limeandikwa CHAGUA LEO, LALA LEO. Mtaa haukuchelewa kumpa mwenye duka jina lake, Tayari. Kwa hiyo mtu akitoka nyumbani kutafuta kabati alikuta barabara moja, upande huu Bado, upande ule Tayari. Wewe ungeingia wapi?

Haki isemwe, Tayari si mtu mbaya. Ana tumbo la kucheka na hupenda kusalimia. Ila vitu vyake ni vya unga wa mbao uliogandishwa, na bawaba zikilegea baada ya miezi, watu walivuka barabara kuja kwetu. Mume wangu alizikaza bila kumsema mtu. Lakini huwezi kuweka karakana wazi kwa kukaza bawaba za makabati ya jirani. Vitanda vilipungua, meza zikapungua, ikafika mahali mume wangu anashinda akinoa patasi zilizokwisha kunolewa. Nilikuwa nalisikia lile jiwe tangu asubuhi, kwaru, kwaru, na inaumiza kumsikia mtu hodari akinoa kitu kwa kukosa la kufanya. Siku moja akaniambia, macho yake kwenye patasi, kwamba mwaka ukiisha hivi atafunga, atafute kibarua kwenye ujenzi. Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Mimi ndiye niliyekwenda kulia jikoni.

Ndipo akaja Sista. Ni muuguzi mkuu wa kituo kipya cha akina mama kujifungulia, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani na ulimi usio na breki.

"Fundi, nataka milango kumi na mmoja," alisema kabla hajapewa kiti. "Ya mbao, si ya maboksi kama ile ya huko ng'ambo. Tunafungua baada ya wiki saba."

Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali. "Karibu, Sista. Milango naiweza. Ila mbao zangu kavu zimekwisha, na hizi zilizoko bandani..."

Nililiona lile neno likija. Nimeishi nalo miaka kumi na tisa, najua hata namna anavyovuta pumzi kabla ya kulitoa.

"Ni za mwaka juzi," nikasema mimi. "Zimekauka, Sista. Ni vile yeye hajazipitia siku nyingi."

Mume wangu alinigeukia. "Mama, zile si zimeingia mwaka huu?"

"Umesahau, baba. Penseli iko sikioni na unaitafuta mezani, ndiyo utakumbuka mbao? Kaangalie tarehe."

Sista alicheka. Mume wangu naye akacheka, akagusa sikio, na penseli ilikuwepo kweli. "Basi nitaziangalia kesho," akasema.

Kesho yake asubuhi alikwenda kituoni kupima fremu. Akiwa huko niliingia bandani na msasa wangu. Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu uliniponza mpaka mikono, maana nilikuwa nimekwisha kusema na sasa ilibidi mbao ziseme kama mimi. Nilifuta tarehe kwenye vichwa vya mbao arobaini na kitu. Palipobaki peupe nilipapaka chai isiyo na maziwa na vumbi kidogo ili pafanane na pengine, halafu nikaandika tarehe za miaka miwili nyuma kwa kuuiga mwandiko wake. Ilikuwa kazi safi. Sidhani kama nimewahi kupiga msasa vizuri vile, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja bandani. Nilikuwa naanika nguo, nikamchungulia kati ya mashuka. Alisoma kichwa cha ubao wa juu. Akaondoa jiwe, akaunyanyua ubao kwa upande mmoja, akaushikilia hewani kidogo, akaurudisha taratibu. Hakuugonga, hakuunusa, hakuulaza shavuni.

"Kumbe kweli nilisahau," akasema.

Nilifurahi hata nikazirudisha nguo safi kwenye maji nikazisuuza upya. Hatari imepita, nilijiambia, na karakana imepona.

Akaanza kazi. Randa ikaimba tangu asubuhi mpaka jioni, maranda yakajaa hadi kwenye vifundo vya miguu, na nyumba ikanuka mti. Jambo moja tu lilinishangaza. Kwa milango kumi na mmoja nilitarajia kuagizwa gundi ndoo nzima, yeye hakuniagiza hata kopo. Viungo vyote alivikaza kwa kabari na vigingi vya mbao.

"Vipi gundi?" nikamuuliza.

"Hii haitaki gundi."

Fundi ni yeye, nikaendelea na msasa wangu.

Kituo kilifunguliwa, na milango ile ilikuwa mizuri, sitasema uongo mwingine juu yake. Mafundi wa rangi, wauguzi, hata waliokuja kutembelea jamaa zao walipitisha viganja juu yake na kuuliza nani ameitengeneza. Watu wakaanza kuvuka barabara kuja upande wetu. Tukapata kazi ya meza, ya vitanda viwili, ya kaunta ya duka la dawa. Tayari mwenyewe alikuja akaagiza kiti cha kukalia dukani kwake, kwa kuwa vile anavyouza vilimchosha kiuno, akaniomba nisitangaze. Mume wangu alirudia kupiga mluzi. Jioni moja alinipigia mpaka nikamwambia anyamaze, na nilikuwa nacheka. Nikaanza kuamini kwamba tarehe za kwenye mbao ni ushirikina wake tu, kama vile wengine wasivyopita njia aliyokatiza paka mweusi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu. Mvua zilikwisha, jua likaja kali, na asubuhi moja Sista akasimama mlangoni pa karakana na saa yake kifuani.

"Fundi, twende ukanionyeshe mlango unafungwaje, naona mimi nimesahau," alisema. "Imejipinda yote. Kumi nitaivumilia, ni ya stoo na ofisi na wodi. Lakini ule wa chumba cha kujifungulia siuvumilii. Juu umegusa, chini umeachana na fremu vidole vinne, kitasa hakifiki kinapokwenda. Mama yuko kwenye uchungu, na anayepita na ndoo anamwona. Si mlisema mbao kavu?"

Nilisema mimi. Yeye hakusema.

Kulikuwa na wateja wawili pale ndani, na Tayari aliyekuja kujaribu kiti chake. Mume wangu aliweka randa chini.

"Kosa langu, Sista," akasema. "Mbao nilizipima vibaya."

Mtu huyu amechekwa maisha yake yote kwa sababu ya kungoja mbao zikauke, na sasa anasimama mbele za watu kukiri kwamba hajui mbao. Mimi nilikuwa na msasa mkononi. Nilifungua mdomo, mdomo wangu huu mwepesi, haukutoa kitu. Mteja mmoja alisema atapita siku nyingine, mwenzake akatoka naye bila kuaga. Sista akampa mume wangu wiki moja. Tayari alinyanyuka kwenye kiti kimya kimya, akainamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

Siku mbili mume wangu alizunguka kwa wauza mbao wote anaowajua na asiowajua. Kote mbao zilikuwa mbichi, nyingine zikidondosha utomvu. Tayari alimletea mlango mmoja wa dukani kwake, bure, kwa moyo mweupe kabisa. Lakini mle ndani wana jiko la kuchemshia vyombo, na mvuke ukiupata ule unga wa mbao huvimba ukamomonyoka. Mume wangu alimshukuru, wakaubeba pamoja kuurudisha ng'ambo.

Siku ya tatu alitoka tena mapema, akaniachia futi na agizo la kwenda kuipima upya fremu ya mlango ule.

Niliukuta umefungwa kwa bendeji, kutoka kwenye kitasa hadi kwenye msumari wa ukutani. Ndani kulikuwa na mwanamke katika uchungu. Nje, koridoni, watu walikuwa wanapita: fundi bomba na mpira wake, wanaume wawili waliokuja kuuliza habari za wake zao, mfagiaji. Mlango ule unafungukia nje, na kila bendeji ilipolegea ulijiachia wenyewe, taratibu, kama unaofunguliwa na mtu.

"Jamani, nifungieni mlango," sauti ikasema kutoka ndani. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaomba.

Muuguzi mmoja alitoa kichwa akaniona nimesimama na futi. "Mama, hebu nishikilie hapo, tafadhali. Mikono haitoshi huku."

Nikageuka, nikauegemea mlango kwa mgongo. Ukiusukuma juu, chini panaachia. Ikabidi nikaze kisigino kwenye pembe ya chini na bega katikati, miguu nimeibana sakafuni. Nilisimama hivyo tangu saa nne mpaka karibu na saa saba. Fundi bomba alinipita mara tatu, mara ya nne akapita njia nyingine. Ubao ulikuwa laini mgongoni kwangu, laini sana, maana ni mimi niliyeupiga msasa. Nilisikia kila kitu kilichosemwa mle ndani, na mengine si ya kusikilizwa na mtu wa nje. Nilikumbuka siku yangu mimi, randa ilipoanguka na mume wangu akaja mbio. Nilijifungulia chumbani kwangu, na mlango aliouunda yeye ulikuwa umefungwa kabisa, hakuna aliyeniona ila mkunga.

Mtoto alipolia nami nililia. Sioni haya kulisema.

Sista alitoka akijifuta jasho. Nilimwambia pale pale, kabla moyo haujanigeuka.

"Sista, fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyesema mbao kavu. Nilifuta tarehe nikaandika nyingine."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Sasa hiyo mimi niifanyie nini?"

"Sijui, Sista."

"Kamwambie mumeo. Mimi nataka mlango." Akavuta benchi kwa mguu. "Na ukae kwanza, umesimama tangu saa nne."

Nyumbani nilimkuta mume wangu karakana, amekaa juu ya benchi la kazi, viatu vimejaa vumbi, mikono mitupu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikaanza na uongo wangu kwa Sista, nikaja kwenye msasa, nikamalizia na chai niliyopaka. Nilingoja anirushie kitu, ingawa tangu nimjue hajamrushia mtu hata msumari.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Habari ya mbao. Siku ile niliunyanyua ule wa juu. Ubao wenye maji una uzito wake, mama. Mkono wangu utasahau lini?"

Halafu mambo yakaanza kunijia, moja baada ya jingine.

"Na gundi," nikasema.

"Gundi ingeifunga moja kwa moja. Kwa kabari naifungua, naiacha ikauke, nairanda, naiunga upya. Nilijua nitairudia milango ile. Nilidhani nina muda mpaka mwakani, jua likaniwahi. Na huo mmoja sikujua kama watauchemshia vyombo mgongoni."

"Kwa nini sasa hukusema?" Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikuwa na haki nayo. "Umeniacha nimekaa na siri miezi mitatu kama mjinga, na wewe unapiga mluzi!"

"Ulikuwa umekwisha kumwambia Sista. Ningesema nini pale, mke wangu mwongo?" Alijipangusa uso kwa mikono miwili, ikabaki michirizi ya vumbi. "Halafu usinifanye mtakatifu. Hata mimi niliitaka ile kazi. Nilichoka kunoa patasi. Nilipoweka msumeno kwenye ule ubao, kosa likawa langu. Ndicho nilichomwambia Sista, na sikumdanganya."

Nilikaa kando yake juu ya benchi, na kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, nikatazama juu. Ndipo nilipoziona, pale zilipolala siku zote, mbao nane za mvule zenye vumbi la miaka kumi na tisa. Mtu huyu amemaliza siku tatu akitafuta mbao kavu mji mzima, na zilizokauka kuliko zote ziko juu ya kichwa chake, na hakuinua macho hata mara moja. Hata wakati ule alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Zishushe zile," nikasema.

"Zipi?" Alijua zipi.

"Lete ngazi, au nipande mwenyewe."

"Mama, lile ni kabati lako."

"Kabati bado," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi, na macho yake yakajaa maji. Nami nikacheka, kwa sababu kama nisingecheka ningelia tena, na kwa siku moja nilikuwa nimelia ya kutosha. Baadaye tukaleta ngazi.

Kabla hajagusa msumeno alinifanya niunyanyue ubao mmoja wa mvule, kisha mmoja wa bandani, kisha tena ule wa mvule. Wa mvule ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akaulaza shavuni, akanipa nami niulaze. Niliulaza, na mlango wa karakana ulikuwa wazi, aliyetaka kuona aone. Halafu akaniagiza gundi, nikanunua kopo kubwa.

Siku hiyo hiyo nilivuka barabara nikamweleza Tayari kila kitu, kuhusu tarehe na mkono uliozibadilisha. Kumweleza Tayari ni sawa na kubandika tangazo. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unajua kwamba Fundi Bado anazijua mbao zake, mwenye makosa ni mkewe, na wale wateja wawili wakarudi, mmoja akinitazama kwa jicho la pembeni. Namwacha atazame. Ile milango kumi mume wangu ameanza kuifungua miwili miwili na kuikausha upya, na Sista amekubali kutundika mapazia kwa sasa.

Mlango wa mvule ulichukua siku nne. Sikutaka kuupaka rangi, nilitaka mistari ya mti ionekane, basi niliupiga msasa mkavu, kisha wa maji, kisha kwa kiganja kitupu, na vanishi mara tatu. Tuliubeba wawili mpaka kituoni. Mume wangu alifunga bawaba akiwa amepiga magoti, akatafuta penseli, nikaichomoa sikioni mwake nikampa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili. Sista akaja, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda polepole bila kugusa popote, kitasa kikalia tiki.

Sista aliufungua, akaufunga. Akaufungua tena. "Sasa huu ni mlango," akasema, na kwa Sista hayo ni mengi.

Mume wangu alikuwa anataka kuupima tena kwa timazi, na mimi nilikuwa nimeona alama ya kidole kwenye vanishi, nikawa naifuta, tulipomsikia muuguzi akija koridoni haraka haraka, amemshika mkono mwanamke mwenye tumbo kubwa anayetembea kwa kusimama simama. Sista aligeuka.

"Haya, mafundi, nje."

"Bado kidogo, Sista," mume wangu akaanza, "nitazame tu huku juu..."

"Nje," alisema Sista.

Tukatoka. Mlango ukafungwa usoni kwetu, na sauti za ndani zikakatika. Tulibaki koridoni, mume wangu na timazi yake, mimi na kitambaa cha vanishi, tukiliangalia kabati langu.